Shahidi wa Sentensi Yangu

Juzi nilishuka soko la Kibirizi, kando ya ziwa, kununua dagaa. Simfichi mtu, naenda kule kwa sababu ya kelele kuliko kwa sababu ya dagaa, maana tangu nistaafu nyumba yangu ni kimya mno. Nikazunguka, nikabishana na wachuuzi wawili, nikakanyagwa na mpagazi aliyebeba gunia kubwa kuliko yeye, na mwisho nikanunua karanga nitafune njiani. Zilifungwa kwenye karatasi ya daftari. Karanga zilipokwisha nikaikunjua ile karatasi nisome, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma kila kitu, hata lebo ya sabuni.

Mtoto fulani alikuwa ameandika sentensi za Kiingereza. Moja ilisema, "My uncle is a famous pilot." Mjomba wangu ni rubani mashuhuri. Pembeni mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema, nyekundu na kubwa. Nikacheka, kisha nikajisikia nasema kwa sauti, "Haya, na shahidi wako ni nani?" Muuza karanga alidhani nasema naye, akaniambia, "Mama, mimi sijaona kitu." Sikuweza kumweleza. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimeanza kuwasha, kama kinavyowasha kila nikikumbuka mambo yale, na nikakaa chini kwenye boya la mtu mpaka moyo ukatulia. Basi wewe ndiye utakayenisikiliza leo, rafiki yangu.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara ya Kasulu, mbele kidogo ya Kidahwe, katika miaka ile ya Operesheni Vijiji. Unaikumbuka, au umesimuliwa. Mimi nakumbuka lori, na mgambo akiezua nyasi za nyumba yetu ili tusiwe na hamu ya kurudi, na bibi yangu akiwa amekaa juu ya kinu chake nyuma ya lori, amejifunga kanga kifuani, hasemi. Nililelewa naye. Mama aliolewa tena Uvinza, na mimi niliachwa kwa bibi kama mtu anavyoachiwa kuku wa kutunza, na sikuwahi kujuta.

Kijiji kipya kilikuwa na mistari. Nyumba zilipangwa kwa kamba, kila moja imetazama barabara, na mbele ya kila nyumba tuliamriwa kupanda michikichi midogo. Palikuwa na shamba la ujamaa tulilolima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na duka la kijiji ambalo mara nyingi lilikuwa na viberiti na mwenye duka tu. Palikuwa na shule pia, na hilo nalisema kwa haki yake, kwani kule milimani tulikotoka shule ilikuwa mwendo wa nusu siku.

Kule tulikotoka kukaitwa mahame. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, unakata mabonde mawili kuelekea ziwani, na ukifika juu ya ukingo unaliona Ziwa Tanganyika lote limelala chini, na milima ya Kongo ng'ambo. Pale bibi aliacha michikichi thelathini na miwili. Babu yangu aliipanda mmoja mmoja, na mwenyewe alizikwa katikati yake. Kurudi mahame kulikuwa marufuku. Katibu wa kijiji alilitangaza hilo kila mkutano, mpaka sisi watoto tukaweza kumwigiza sauti.

Nami nilijua marufuku ile maana yake nini, maana niliona. Mzee mmoja, jirani yetu wa zamani, alirudi kwake akajenga kibanda kidogo ili alinde migomba yake. Mgambo walikwenda. Walichoma kibanda, wakaifyeka migomba, wakamleta mzee yule amefungwa mikono kwa kamba, wakampitisha mbele ya shule wakati wa mapumziko. Tulikuwa tunacheza rede. Mpira ulimgonga mguuni, akatutazama, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuokota. Baada ya siku ile yule mzee aliishi miezi michache tu, na sikumsikia akisema na mtu.

Basi ufikirie hofu niliyokuwa nayo mimi, kwa sababu bibi yangu alikuwa akienda mahame kila Alhamisi.

Aliondoka alfajiri na kikapu na panga, akisema anatafuta kuni. Alirudi jioni, na kweli alikuwa na kuni kichwani, lakini ndani ya mzigo wa kuni palikuwa na kibuyu. Kule alikuwa na sufuria kuukuu aliyoificha kwenye shimo, na kinu kingine. Aliokota chikichi zilizoiva, akazichemsha, akazitwanga, akaziosha na kuengua mafuta yake mekundu, halafu akapalilia kaburi la babu. Mara mbili alinichukua wakati wa likizo. Nilipenda harufu ya mawese yanapochemka, nilipenda kuchovya kidole na kulamba, na wakati wote huo nilikuwa nikigeuka kila jani likidondoka. "Bibi, mgambo wakija?" niliuliza. Akajibu bila kuinua macho, "Mti haujui mkutano, mwanangu. Ukiiva umeiva." Alikuwa mkaidi. Alisema mtu hawezi kumwacha mume wake na miti yake siku moja, eti kwa kuwa lori limekuja.

Jumatatu moja akaletwa shuleni mwalimu mpya wa Kiingereza.

Alitoka mbali, kusini, kwenye nchi ya korosho. Mwembamba, shati lake jeupe alilifua mwenyewe kila siku, na alikuja na baiskeli na kamusi isiyo na jalada. Kiswahili chake kilikuwa laini hata tukadhani anaimba. Kabla yake tulijifunza Kiingereza cha kukariri, hii ni kalamu, ile ni meza, na tulikuwa tunaimba hivyo hata kama meza yenyewe haipo. Yeye alisikiliza siku moja, akatuambia tunyamaze, akaandika ubaoni neno moja gumu. Akasema, "Neno ni lako siku ukilitumia kwako nyumbani. Kabla ya hapo ni la kamusi."

Utaratibu wake sijauona tena popote. Kila wiki alitoa maneno magumu, na kila mtu aliandika sentensi yake kwa neno hilo, na sentensi ilikuwa lazima iwe ya kweli. Si ya kubuni, si ya kwenye kitabu. Iwe jambo lililoko kwenu. Kisha ulisimama mbele, ukasoma, ukamaliza kwa kuuliza darasa kwa Kiingereza, "Who is my witness?" Shahidi wangu ni nani? Aliyeliona jambo lile kwa macho yake alisimama akajibu, "I am her witness." Mimi ni shahidi wake. Ukikosa shahidi, sentensi yako haipati vema, hata ingekuwa imenyooka namna gani. Mwalimu alisema sentensi isiyo na shahidi ni uvumi.

Tulipenda mno. Wewe fikiria, watoto arobaini wanagombea kusimama! Mmoja aliandika kwamba baba yake ni "reluctant", yaani anasitasita, kuoga wakati wa baridi, na mashahidi wakasimama saba. Mwingine aliandika jogoo wao ni "arrogant", ana kiburi, na darasa zima likainuka, kwa kuwa jogoo yule alishatukimbiza wote. Maneno yale yaliniingia kama uji wa moto siku ya mvua. Nilikuwa nayasema njiani, kisimani, nikiosha vyombo. Mwenzangu wa dawati moja, msichana mweusi wa kucheka sana, mama yake alikuwa mfumaji wa mikeka, yeye alikuwa shahidi wangu karibu kila mara, na mimi wake.

Sentensi bora ya wiki iliandikwa na mwalimu kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Nilikuwa sijawahi kubandikwa. Niliitaka ile karatasi kuliko nilivyotaka viatu, na wakati huo viatu sikuwa navyo.

Neno likaja, "thrive". Kustawi. Mwalimu alieleza kwamba si kukua tu, bali kukua kwa kutunzwa, kwa raha. Nilipolisikia tu nikaiona michikichi ya bibi, mashina yamesafishwa, mikungu imejaa, na yeye chini yake anapalilia. Sikufikiri. Nakuapia sikufikiri hata dakika moja. Nilienda nyumbani, nikala, na mkono ungali na mafuta nikaandika, "Our palm trees thrive because my grandmother visits them every Thursday." Michikichi yetu inastawi kwa sababu bibi yangu huitembelea kila Alhamisi. Nikaisoma mara tatu, nikaona nzuri hata machozi yakanilenga. Kesho yake, Jumanne, nikakabidhi daftari.

Jumatano asubuhi ilikuwa ukutani.

Nilifurahi kwa muda wa wimbo mmoja wa asubuhi, si zaidi. Tulipoketi, mwenzangu wa dawati akanikanyaga mguu. Hakucheka. Akaninong'oneza, "Umeandika nini wewe? Unajua katibu anasoma Kiingereza?" Nikaitazama ile karatasi, herufi kubwa nyeusi, siku yenyewe imetajwa, na mtu mwenyewe ametajwa. Nilikuwa nimemfunga bibi yangu kamba kwa mkono wangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakutuambia habari za kalamu.

Na mwalimu, maskini, hakujua. Mtu wa korosho angejuaje? Yeye aliona michikichi barabarani, akadhani ndiyo hiyo. Akasimama mbele akifuta miwani, anatabasamu, akatutangazia kwamba Ijumaa mgeni kutoka wilayani atakuja na katibu kuangalia ufundishaji wetu. Sentensi ya ukutani itasomwa mbele yake, na shahidi atasimama mbele yake. "Mtawaonyesha," alisema. Nilihisi haja ndogo.

Siku mbili zile nilizeeka. Alhamisi bibi aliondoka kama kawaida, nami nilikuwa macho kitandani nikisikiliza akifunga kikapu. Nilitaka kumwambia, "Bibi, leo usiende." Ulimi ulinikataa, kwa sababu ningemwambia hivyo ningelazimika kumwambia kwa nini. Alifunga mlango polepole asiniamshe. Nikatoka mbio kwenda shuleni mapema, nia yangu niichane ile karatasi na kuitafuna kama ikibidi. Nikakuta darasa limefungwa, na wanaume wawili wa kijiji wanapaka kuta chokaa kwa ajili ya mgeni, na katibu mwenyewe amesimama mikono nyuma. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Hodari, umewahi! Chukua fagio." Nikafagia uwanja mzima. Mchana kutwa tulikuwa shamba la shule, na kila nikiinua jembe nilitazama njia ya mahame, nikitegemea kumwona bibi analetwa amefungwa. Alirudi jioni na kuni zake. Akaniuliza kwa nini sili. Nikasema naumwa jino.

Ijumaa mgeni alikuja kwa Landrova. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, suti ya safari ya rangi ya udongo, na alipotusalimu tukajua ni mtu wa huku huku, kwa maana alipiga makofi kwa mpigo wetu wa kuamkiana na kusema, "Mwakeye!" Tukaitika. Wengine walifurahi. Mimi nilizidi kuogopa, kwani mtu wa mbali huweza kudanganywa, lakini mtu wa kwenu anajua kila mti unazaa lini.

Mwalimu akaeleza utaratibu wake. Akasema kwa fahari, "Ndugu mgeni, hapa hakuna sentensi ya uongo." Akaniita.

Nilisimama mbele. Nikasoma ukutani, na nilipofika "every Thursday" nikaimeza nusu. Mgeni akasema vizuri, vizuri sana, arudie. Nikarudia. Akawa anatabasamu bado. Kisha tabasamu likapungua, kama mtu anayesikia harufu asiyoijua inatoka wapi.

"Kijiji hiki kina miaka mingapi, Ndugu katibu?"

"Mitatu, Ndugu."

"Mitatu." Akanigeukia. "Michikichi niliyoiona hapo nje inanifika magotini. Haina hata mkungu. Na ya bibi yako hii inayostawi, iko wapi?"

Chokaa mpya ilikuwa inanuka. Mgeni akasogea kwenye meza ya mwalimu, akaomba daftari langu, akalifungua penye ile sentensi. Pale pembeni ya ukurasa palikuwa na alama ya kidole changu, nyekundu ya mawese, imekaa wazi kabisa. Akaiweka karibu na macho. "Na hii?"

Mwalimu alitazama kile kidole. Akanitazama mimi. Sijui alichokiona usoni pangu, lakini niliona uso wake ukibadilika, na nikajua kwamba ameelewa yote kwa mara moja. "Wino wangu, Ndugu," alisema. "Kalamu nyekundu inavuja."

Mgeni akaweka daftari chini. "Haya. Umesema kila sentensi ina shahidi. Na aulize."

Nikaligeukia darasa. Watoto arobaini. Nikasema, "Who is my witness?" na hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa wanatazama madawati, hata wale wa mbele waliozoea kusimama kabla hujamaliza kuuliza. Nilimtafuta mwenzangu wa dawati. Aliwahi kufika kule mahame. Alikula chikichi za kuchemsha pamoja nami, na bibi akamsuka nywele chini ya mti. Naye alikuwa ameinama, mikono kaikalia. Mgeni akatazama huku na huku. Katibu alitoa leso akajifuta shingo. Nilijiona nimeachwa peke yangu duniani, nikawachukia wote, na zaidi yeye.

"Ndugu mgeni," mwalimu akasema, na sauti yake laini ilikuwa imekauka, "huyu mtoto ni mwongo. Sikuchunguza. Ni kosa langu."

Akachukua fimbo. Tangu aje hakuwahi kumgusa mtu. Akaniambia nyoosha mkono, nikanyoosha wa kushoto, akanichapa sita, za nguvu, mgeni akiangalia. Ya nne ilichana ngozi. Sikulia. Nilikuwa nimeogopa kupita kiasi cha kulia. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, akachora mkasi mkubwa, ile alama ya kosa, juu ya manila, kutoka pembe hadi pembe, akaibandua ile karatasi na kuikunja. Katibu akacheka kwa kelele. "Watoto hawa, Ndugu! Huyo bibi yake namfahamu, mguu mbovu, hafiki hata kisimani. Karibu, karibu, chakula kinapoa."

Hapo ungedhani yamekwisha. Lakini nilikuwa nimechaguliwa pamoja na wasichana wengine wawili kwenda kuwanawisha wageni nyumbani kwa katibu, mambo hayo yalikuwa yamepangwa tangu mapema. Nilishika birika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umevimba kama andazi. Mke wa katibu akaleta ugali, akaleta mgebuka, samaki wa ziwa letu. Rafiki yangu, mgebuka yule alikuwa anaogelea katika mawese. Mekundu, mazito, mapya. Nilisimama pale nikiyatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaanza kuhesabu. Kijiji cha miaka mitatu, hakuna mchikichi uliozaa, duka halina mafuta hata ya taa. Na kila nyumba niliyowahi kula tangu tuhamie, maharage yalikuwa mekundu. Nyumba ya mwenzangu wa dawati. Nyumba ya balozi wa nyumba kumi. Hapa.

Mgeni alikula vizuri. Alilamba kidole gumba. Alipomaliza nikamsogelea na birika, akanyoosha mikono, ikiwa myekundu mpaka kwenye vifundo, na hapo akaiona. Akainua macho, akaona kiganja changu. Tulitazamana. Nilijua kwamba sasa atauliza, nikalisahau birika hata maji yakamwagikia viatu vyake. Hakuuliza. Alisema taratibu, "Ongeza sabuni, mwanangu," akanawa mara ya pili, na akageuka kuzungumza na katibu habari za mbolea.

Nyumbani bibi alikiona kiganja kabla sijaingia mlangoni. Nikamwambia yote, toka neno lenyewe mpaka birika, nikilia sasa kwa kilio cha siku tatu. Nilingoja anipige au anikane. Alikwenda jikoni, akapasha moto mawese kidogo kwenye kijiko, akanipaka pale palipochanika, akinikanda kidole kwa kidole. Kisha akauliza, "Hiyo sentensi, kwa Kiswahili inasemaje?" Nikamwambia. Akairudia polepole. "Ni kweli," akasema. "Yote ni kweli."

Alhamisi mbili hakwenda. Alikaa barazani akichambua dagaa ambao walikuwa wameshachambuliwa, na nikaona jinsi anavyodhoofika, nikajua ni mimi. Alhamisi ya tatu nikasikia kikapu. Nikamrukia mlangoni, nikamshika kanga. Akanitoa mikono. "Mwalimu wa serikali amewaambia watu wa serikali kwamba ni uongo," alisema. "Na fimbo umekula. Sasa nani atakuja kutafuta kitu ambacho ni uongo?" Akaenda. Wala hakuna aliyemfuata, siku ile au siku nyingine.

Mwalimu alinirudishia daftari bila kunitazama usoni. Kwenye sentensi yangu palikuwa na mkasi mwekundu, na chini yake hakuandika lolote. Tangu Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa alituambia tutaandika sentensi za kubuni tu. Hapakuwa tena na mashahidi. Tukaandika kwamba mvulana anapiga mpira na simba yuko msituni, na tukapata vema, na hakuna aliyesimama tena. Bibi alinituma kwake na chupa ya mawese. Alinipokea mlangoni, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie bibi ahsante," na nikaona kidevu kinamcheza. Mwaka uliofuata alihamishwa. Sikumwona tena, wala sikumwambia kwamba sikuwahi kumchukia. Niliowachukia walikuwa wale arobaini.

Na mwenzangu wa dawati nilimnunia mpaka darasa la saba likaisha. Alijaribu kunisemesha, mimi na kiburi changu nikahamia dawati jingine. Nilikwenda sekondari, nikaenda kusomea uuguzi, nikaizunguka nchi. Mambo ya Operesheni yalilegea yenyewe, watu wakarudi mahame mmoja mmoja, na hakuna aliyetangaza. Bibi alirudi kabla ya wote. Alifia huko, na tukamzika palepale alipopataka, kando ya babu.

Ilikuwa mchana wa jua kali, kule juu, ziwa likiwaka chini yetu. Mzee wa kanisa alimaliza sala, akauliza kama yuko mwenye neno la kumhusu marehemu. Mimi sikuweza kusema. Kisha mwanamke mmoja akainuka nyuma kabisa, mnene, mtoto mgongoni, kanga imepauka, na sikumtambua mpaka alipopiga makofi kutuamkia na nikaona anavyokunja shingo, kama alivyoikunja pale dawatini kwetu. Hakuwa amesoma zaidi ya la saba. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyofundishwa, akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, sentensi yangu. Yote, mpaka Alhamisi yake. Waombolezaji wengi hawakuelewa. Halafu akanitazama mimi, akasema, "I am her witness."

Baadaye tulikaa chini ya michikichi tukalia kama watoto. Akaniambia kwamba siku ile alikalia mikono ili isiinuke. Mama yake, yule mfuma mikeka, alikuwa akipishana na bibi yangu njiani kila Alhamisi. Na mama wa aliyekaa mbele yetu. Na mama wa aliyekaa nyuma. "Mmoja angesimama," alisema, "tungesimama wote, na mama zetu wote wangefungwa kamba."

Siku hizi ile michikichi haipo. Pamepimwa viwanja, na penye kaburi pana ukuta wa matofali wa mtu nisiyemjua, ingawa ameacha nafasi ya kupita. Kijiji kimekuwa mji mdogo, shule ina madirisha ya vioo. Na mwenzangu wa dawati tulimzika masika yaliyopita. Baada ya mazishi mwanawe aliuliza nani ana neno, nami safari hii niliinuka.